Pofu Aliyeamka

Hii alinisimulia kwanza baba mkubwa Kasanda, aliporudi kutoka migodi ya kusini. Haya wajukuu, sogeeni.

Hapo kale, kwa Wasani wa jangwa la Kalahari, njaa iliingia. Mtoto wa Dabe hakuwa na nguvu hata ya kulia. Dabe akaazima mshale wa sumu kwa bibi yake mzaa baba, Chuko, akaenda, akaenda, akaenda, akaangusha pofu, mnyama mkubwa kuliko ng'ombe.

Sasa kule mwindaji hajisifu. Akijisifu, zimwi la mchangani humnyang'anya nyama.

Akiwa njiani kwenda kuwaita watu, zimwi likamwita kwa sauti tamu, "Dabe, kuna mwanamume kama wewe?"

"Nimepata kipanya tu."

Likamwita tena.

"Ni mifupa mitupu."

Watu wakamfuata hadi kwenye nyama. Bibi Chuko akaizunguka, akamtania kama ilivyo desturi yao. "Mume wangu, umetuchosha miguu kwa huyu sungura?"

Wakacheka wote. Dabe alijua ni utani, lakini ulimchoma. Zimwi likanong'ona mara ya tatu, "Kuna mwanamume kama wewe?"

"Hakuna!" akafoka. "Bila mimi mngekufa wote!"

Pofu akafumbua macho. Akasimama na mshale wake ubavuni, akatembea polepole kwa zimwi.

"Rudi! Mwanangu ana njaa!" Dabe akamkimbiza mpaka jua likazama. Wapi!

Aliporudi, bibi alikuwa amempakata mtoto, amemfumba macho. Dabe akamwita mwanawe. "Usimwite tena, baba," akasema. "Hasikii."

Nyinyi mmeshiba, wanangu. Laleni.