Jina la Mtoto wa Mbaruku

Hapo zamani, si za mababu bali za meli za chuma, Tanga palikuwa na fundi mitambo wa meli, jina lake Mbaruku. Alifanya kazi katika meli ya mizigo ya Wachina. Mabaharia wote Wachina, mgeni yeye peke yake. Walizungumza Kiingereza cha kuokoteza, na maneno yalipowaishia, mikono ilizungumza.

Siku moja, wakiwa bahari kuu, bomba la mafuta lilipasuka, moto ukalipuka katika chumba cha mitambo. Mbaruku alikuwa chini. Alivuta moshi, akaanguka, asijue la mbele wala la nyuma.

Alipozinduka yuko juu sitahani, moto umezimwa. Akasema, "Mke wangu ni mjamzito. Akizaa wa kiume, jina la nyumbani nitampa la aliyeniokoa. Ni nani?"

Peng, mtia grisi, akasema, "Ni mimi. Wote walikimbia, wakakusahau. Mimi ndiye niliyepiga kelele, Mbaruku hayupo! Nani mwingine angekutafuta?"

Shen, fundi mkuu, akasema, "Ni mimi. Nahodha aliniamuru nifungulie gesi. Gesi ile huua moto, na mtu pia huua. Nikakataa. Akanitukana, nikakataa. Meli nzima ingeungua kwa ajili yako. Sasa sina kazi."

Wen, mpishi, mikono yake imefungwa bendeji, akasema, "Mimi sijui gesi. Nilijifunga taulo lenye maji usoni, nikaingia, nikakubeba."

Mbaruku akamgeukia Wen. Shen akadakia, "Ningefungulia gesi, angebeba maiti!"

Wen akajibu, "Na nisingeingia, ungekataa mpaka lini?"

Hapo Peng akaangua kilio. "Bomba lile nililikaza mimi, na sikulikaza sawasawa. Moto ulipowaka, niliwaza tu, nani yuko pale chini?"

Mbaruku akashika kichwa. Amkumbatie au ampige?

Akarudi Tanga, akamkuta mkewe, Mwanakombo, amejifungua mtoto wa kiume. Akamsimulia yote.

"Lakini hilo si gumu, mume wangu," mkewe akasema. "Aliyeungua mikono ni Wen."

Mama yake Mbaruku akakataa. "Mikono itapona. Shen amepoteza riziki yake."

"Na Peng je?" Mbaruku akauliza.

"Yule aliyetaka kukuua?" mama yake akasema.

"Ndiye peke yake aliyeuliza niko wapi, mama. Na kosa lake alilisema mwenyewe, hakuna aliyemshuku."

Mbaruku akamsogelea mtoto, akafungua kinywa amwite, jina lisitoke. Akamwaza Wen, akamwona Shen. Akamwaza Shen, akamsikia Peng.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mwiteni nyinyi. Peng aliyemkumbuka, Shen aliyekataa, Wen aliyembeba: je, nani alistahili?