Waliogombea Herufi E

Wahenga hawakusema kwamba fahali ni mnyama mbaya. Fahali ni fahari ya boma, na mwenye naye hutembea kifua mbele. Walichosema ni kwamba ukiwatia wawili ndani ya zizi moja, kila mmoja akiamini kuwa nyasi za humo ziliota kwa ajili yake, jioni utahesabu nguzo zilizovunjika na ndama waliokanyagwa. Anayebisha na aje Kapsoit, aulize habari za Kipkurui na Isaiah.

Vijana hao wawili walikuwa marafiki wa kufa kuzikana. Walisoma darasa moja, wakabatizwa siku moja, wakanywa mursik, maziwa ya mgando, ya kibuyu kimoja. Walipomaliza shule walikodi chumba juu ya duka la mbolea, wakanunua kompyuta moja na kamera mbili za aina moja, wakaanza kupiga na kuhariri video za sherehe. Harusi zilikuwa za Kipkurui, mazishi yalikuwa ya Isaiah. Mgawanyo huo haukuwa wa mzaha. Kipkurui alikuwa na mdomo mtamu kama asali ya msituni, naye Isaiah alikuwa na uso wa matanga hata akicheka.

Kompyuta waliitumia kwa zamu, Kipkurui asubuhi na Isaiah alasiri. Kila mmoja alikuwa na diski yake ya nje ya kuhifadhia video. Sasa, kompyuta huipa kila diski herufi, kama mfugaji anavyompa kila ng'ombe jina ili akiitwa aitike. Diski za ndani ziliitwa C na D. Siku za mwanzo kila kijana alichomoa diski yake alipokwenda nyumbani, hivyo kila iliyochomekwa peke yake iliitwa E. Kipkurui akazoea E, akapanga kazi zake zote chini ya E. Isaiah naye vivyo hivyo.

Mambo yaliharibika walipoanza kuziacha diski zote mbili zimechomekwa. Asubuhi moja Kipkurui alifungua video ya harambee ya kanisa aliyokuwa ameimaliza nusu. Alikuta alama nyekundu za picha zisizopatikana kila mahali, na pale ambapo mchungaji alipaswa kuwa anaomba, palikuwa na mzee mwenye kipara akilia kwa kwikwi. Kipkurui hakuwahi kumwona mzee yule tangu azaliwe. Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Mzee akalia tena.

"Wewe ni nani?" Kipkurui aliuliza kioo cha kompyuta.

Alihangaika kama kuku mwenye kutaka kutaga, hata akagundua kwamba E sasa ilikuwa diski ya Isaiah, na yake imesukumwa hadi F. Akaingia mahali pa kupangia diski, akaipa ya Isaiah herufi F, akairudishia yake E. Mara mchungaji akarudi, mzee akatoweka. Kipkurui alijipiga kifua. Lakini kesho yake asubuhi alikuta mambo yamepinduka tena! Akarekebisha. Kesho kutwa, yale yale. Akaapa kwamba kompyuta ile ilikuwa na ukaidi wa punda. Usiku kitandani alijiuliza kama umeme ukipotea herufi husahaulika, au kama diski zenyewe huhama kama panya. Majibu hakuyapata. Kumuuliza Isaiah hakutaka, maana kumuuliza Isaiah kungekuwa kukiri kwamba kuna jambo asilolijua.

Wakati huo dada yake Kipkurui, Nelvine, aliolewa huko Soin. Nyanya yao, Kogo Rodah wa Sotik, ndiye aliyewalea wote wawili, lakini alikuwa ameteleza kwenye majani ya chai akavunjika nyonga, na hakuweza kusafiri. Harusi ilipokaribia alilia kama mtoto. "Basi nitaiona kwa macho yako," alimwambia Kipkurui. "Usinikatie hata wimbo mmoja." Kipkurui aliahidi kwamba Jumapili ya juma litakalofuata harusi, baada ya ibada, atamletea harusi nzima sebuleni.

Jumamosi ya juma hilo alipitia chumbani jioni, baada ya zamu ya Isaiah, kuitoa video iliyokamilika na kuiweka kwenye flashi. Alitazama mwanzo tu. Magari yenye maua yalikuwa yakiteremka barabara ya Soin, safi kabisa, kwa sababu picha hizo zilikuwa katika D. Hakuona hata alama moja nyekundu. "Leo punda ameamka vizuri," akasema, akabonyeza, akaenda kununua mkate wa kupelekea nyanya.

Hakukumbuka jambo moja. Katika nchi ya chai watu huoa Jumamosi na huzika Jumamosi. Kila mmoja wao alikuwa na folda ya kazi iliyo mkononi, na kila mmoja aliiita JUMAMOSI. Kamera zao pacha zilihesabu picha kuanzia moja kila kadi ilipofutwa. Programu ya kuhariri haikujua harusi wala kilio. Ilijua tu kuambiwa: nenda E, ingia JUMAMOSI, leta picha ya kumi na mbili. Na mazishi aliyopiga Isaiah yalikuwa na hotuba nyingi mno, hata hakuna namba iliyokosekana.

Jumapili sebule ya Kogo Rodah ilijaa. Chai ya maziwa ilimiminwa, maombi yakafanywa, runinga ikawashwa. Magari yakapita, watu wakapiga vigelegele. Kisha wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukaanza, nao ulitoka D bila kosa. Mlango wa kanisa ukafunguka, na jeneza likaingia.

Liliingia polepole, mabegani mwa vijana sita, huku kwaya ikiimba, "Huyu ndiye, huyu ndiye, malaika wa nyumba yetu." Vigelegele vilikatika kama uzi.  Kipkurui akakitafuta kidhibiti cha runinga, akakiangusha, akakiokota kinyumenyume. Kwenye kioo yule mzee mwenye kipara alikuwa amefika, analia.

Kogo Rodah aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo mlinificha," alisema kwa sauti ndogo.

"Kogo, si hivyo—"

"Mliniambia ni nyonga. Mliniambia barabara ni mbaya. Kumbe mtoto wangu alikufa, mkaogopa kuniambia."

"Mama, Nelvine yuko hai!" mama yake Kipkurui alipiga kelele. "Ngoja tumpigie!"

Simu ikapigwa, Nelvine akaongea, hata akacheka. Kogo alisikiliza hadi mwisho, kisha akarudisha simu. "Hiyo ni sauti. Sauti mnaweza kuweka kwenye mashine. Si ndiyo kazi ya huyu?" Akamnyooshea Kipkurui kidole. Kisha akajifunika shuka usoni, akaanza kuomboleza. Alikataa chai, alikataa dawa. Shinikizo la damu lilikuwa ugonjwa wake wa miaka, na mama yake Kipkurui akaanza kulia naye.

Kipkurui alitoka nje, akampigia Isaiah.

"Wewe! Kwa nini umeweka maiti yako kwenye harusi ya dada yangu?"

"Maiti gani? Na wewe je? Juzi nimefungua mazishi ya Mzee Onsongo nikakuta watu wanakata keki juu ya kaburi! Nikasema huyu ananichezea. Nikanyamaza tu."

"Nani amekuchezea? Mimi narudisha E yangu tu!"

"E yako? E ni yangu, bwana. Kila alasiri naikuta imehamishwa, naiweka sawa."

"Kila asubuhi naiweka mimi."

Hapo wote wawili wakaelewa. Hakukuwa na punda wala panya. Walikuwa wao wawili, wakipigana pembe kwa majuma bila kuonana.

Nelvine alifika kutoka Soin jua likielekea kuzama, nyuma ya pikipiki, amejaa vumbi hadi nyusi. Kogo aliifunua shuka, akampapasa uso, akampapasa masikio, akamfinya shavu hadi msichana akalia, "Kogo, unaniumiza!"

"Wafu hawaumii," Kogo alisema, akamkumbatia. Hapo ndipo alipokubali dawa.

Jumatatu marafiki walikutana juu ya duka la mbolea. Dawa ilikuwa rahisi kuliko kumenya ndizi. Mmoja abaki E, mwingine akubali F na kuzipanga upya kazi zake.

"Chukua F," Kipkurui alisema.

"Kwa nini nisichukue E, wewe uchukue F?"

"Herufi ni herufi tu, Isaiah."

"Kama ni herufi tu, ichukue."

"Dada yangu amezikwa akiwa hai kwa sababu yako!"

"Na Mzee Onsongo amekatiwa keki kwa sababu yako!"

Walibishana hadi mwenye duka akagonga dari kwa ufagio. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Kufikia adhuhuri Isaiah alichomoa diski yake, akachukua kamera zote mbili kama fungu lake, akahamia upande wa pili wa barabara. Kompyuta ilibaki kwa Kipkurui.

Jumapili iliyofuata Kogo Rodah aliiona harusi yote, bila kukatiwa wimbo hata mmoja. Alicheka, akalia, akaomba irudiwe. Kisha akauliza, "Yule mwenzako mwenye uso wa huzuni, mbona hakuja kunywa chai?"

Kipkurui aliirudisha harusi mwanzoni, akaongeza sauti.

Asubuhi yake alichomeka diski, nayo ikaitika E bila kusukumwa na mtu. Akakaa akiitazama ile herufi aliyoipigania. Watu walikuwa wamempigia simu kutaka awapigie video ya harusi Jumamosi, naye hakuwa na kamera. Dirishani, ng'ambo ya barabara, Isaiah alisimama mlangoni pake na kamera mbili na hana pa kuhariria. Walitazamana. Hakuna aliyeinua mkono. Hakika, mafahali wawili hawakai zizi moja.