Goti la Njiku

Nawaomba masikio, na nikimaliza nitawaomba na hukumu, kwa maana mimi mwenyewe imenishinda.

Palikuwa na watu wanne pale Singida, kila mmoja na kipaji chake.

Njiku alikuwa beki wa kati wa timu ya Alizeti, na nahodha wake tangu wenzake wengi wangali shule ya msingi. Hakuwa na mbio. Kipaji chake kilikuwa kuujua mpira unakokwenda kabla haujapigwa. Mshambuliaji angekuja anafyatuka kama mshale, akimfikia anamkuta Njiku keshasimama palepale alipotaka kupita, ametulia kama mwenye nyumba anayepokea mgeni.

Hongoa, mdogo wake, alikuwa mkulima, na kipaji chake kilikuwa ng'ombe. Alikuwa na maksai wawili, Kidevu na Mweupe. Hakuwachapa. Aliwanong'oneza, nao wakavuta plau mstari ukanyooka kama uliopigwa kamba.

Ziada, mke wa Njiku, kipaji chake kilikuwa mikono. Mgonjwa akishikwa na Ziada hutulia. Majirani walipopatwa na uchungu wa kuzaa walimtuma mtu kwa Ziada kwanza, ndipo watafute gari. Alipochaguliwa kwenda chuo cha ukunga, mtaa mzima ulisema wenye chuo walichelewa kumwona.

Wa nne ni Gwau, beki mwenzake Njiku, bado kijana, mwenye mbio za kutisha. Alitoka kijijini akiwa hajui hata kuvaa vilinda ugoko. Njiku alimfundisha kusimama, kungoja, na kunyamaza refa akikosea.

Basi Njiku akaendelea kucheza. Umri ukamfuata, yeye akajifanya hauoni. Asubuhi baada ya mechi alishuka kitandani kwa kushika ukuta. Ziada akimwambia, "Baba Mwanaidi, acha sasa," anamjibu, "Msimu huu tu." Misimu ikapita.

Siku moja Alizeti walikuwa nyumbani. Mpira wa kona ulipigwa, Njiku akaruka, akaupiga kichwa vizuri kabisa, akashuka. Hakuna aliyemgusa. Alishuka tu, goti la kulia likaenda upande wake na mwili upande wake. Waliokuwa karibu walisikia mlio kama wa ukuni mkavu. Gwau ndiye aliyefika kwanza, akamkuta nahodha wake anang'ata nyasi asipige kelele.

Hospitali walisema kano zimekatika na gegedu imeraruka. Lazima apasuliwe Dar es Salaam, na upesi. Bila hivyo atatembelea magongo maisha yake yote.

Klabu ikasema pole. Ikasema pia kwamba mkataba wake unakaribia kwisha, na kwamba kwa umri wake ni vigumu kumgharamia.

Hongoa alipopata habari hakuuliza swali. Alifungua zizi alfajiri, akawaswaga Kidevu na Mweupe hadi mnadani, na mvua zilikuwa zinakaribia, wakati ambao hakuna mkulima mwenye akili anayeuza maksai. Walioonana naye barabarani walidhani anawapeleka josho. Alirudi na kamba mkononi. Mkewe alipoziona zile kamba alikaa chini. Msimu huo walilima kwa jembe la mkono, mume na mke, hadi viganja vikachubuka. Njiku alipasuliwa kwa fedha za maksai wale.

Gwau naye alikuwa ameitwa na timu kubwa ya Dar. Karatasi zilikuwa tayari, imebaki saini yake. Akasikia viongozi wa Alizeti wanataka kulifuta jina la Njiku, mshahara ukome, na dawa zikome nao. Akaingia ofisini kwao bila kubisha.

"Mkimfuta nahodha, naondoka leo," akasema. "Mkimwacha hadi apone, nasaini hapa kwenu misimu miwili."

Mwenyekiti akamtazama kama mtu asiyeamini bahati yake. "Una hakika, kijana?"

"Leteni kalamu."

Ile timu ya Dar ilimchukua beki mwingine. Njiku aliendelea kulipwa, akala, akatibiwa.

Na Ziada? Chuo kilikuwa kinafunguliwa. Sanduku lilikuwa limefungwa, sare nyeupe zimeshonwa. Akazitoa, akaziweka kabatini, akaenda kumpokea mumewe stendi. Kuanzia hapo kazi yake ikawa goti lile. Asubuhi alilikanda kwa maji ya moto, alasiri akalikunja na kulikunjua, huku Njiku akimtukana kwa maumivu, matusi ambayo hajawahi kumtolea mtu. Ziada aliendelea kulikunja. Akimaliza anamfuta jasho, anakwenda kumlisha mama mkwe asiyejiweza, anawapikia watoto wawili. Alimwokota Njiku alipoanguka chooni. Alimnyang'anya gongo moja, kisha la pili. Siku Njiku alipovuka uwanja wa nyumba peke yake, alimkuta mkewe amesimama upande wa pili ameziba mdomo kwa khanga.

Daktari aliyempasua alipomwona tena alishangaa. Walikuwapo Ziada na Gwau.

"Nani amelifanya hili?" akauliza.

Njiku akamweleza: mdogo wangu, huyu rafiki yangu, na huyu mke wangu.

"Basi sikiliza. Angepungua mmoja kati yao, ungekuja hapa umebebwa." Kisha akavua miwani. "Lakini sitakudanganya. Hili goti limebakiwa na kazi moja. Ukilitunza, ukakaa karibu na nyumbani, litakutembeza hadi uzeeni. Ukilibebesha mizigo, litahimili muda kidogo kisha litaanza kulegea, na likilegea halirudi. Ukilichezea mpira, litakupa mechi moja. Baada ya hapo usinitafute, sitakuwa na la kufanya."

Walirudi Singida.

Sasa wasikilizaji wangu, laiti mambo yangekuja kwa zamu! Yalikuja yote juma moja.

Alhamisi jioni Hongoa alifika kutoka shamba, nguo zimejaa vumbi la alizeti. Alikuwa amekonda. Hakumaliza hata uji aliopewa.

"Kaka, alizeti imekauka yote kwa pamoja," akasema. "Ndege wanakula, na inapukutika. Zamani nilikuwa na mkokoteni na wenye kuuvuta. Sasa ni mabega yangu tu. Mama watoto ana mimba kubwa, hawezi kubeba. Vibarua hawapatikani, kila mtu anavuna kwake. Nikiipata hii alizeti nitanunua ndama, nianze upya. Nikiikosa, sisi ni watu wa jembe la mkono mpaka tufe. Nakuomba kesho kutwa tuondoke wote. Juma moja, au mawili."

Njiku hajajibu, hodi ikapigwa. Ni Gwau, bado na jezi ya mazoezi.

"Shikamoo nahodha. Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho, unajua. Tukifungwa tunashuka daraja. Mwenzangu wa kati ana kadi, hachezi. Mwalimu hana beki mwingine mwenye akili." Akasogea karibu. "Wale watu wa Dar wanakuja kunitazama mara ya pili. Kuna mara ya tatu? Tukishuka, mkataba wangu unanifunga huko chini na miguu yangu inazeeka. Sihitaji ukimbie, mimi nitakimbia. Simama tu, useme nami kama zamani."

Ziada alikuwa mlangoni, amebeba mtoto mdogo mgongoni. Alikuja akakaa kwenye mkeka, taratibu.

"Nami nina neno," akasema. "Nilikuwa nangoja nafasi ya kulisema, naona nafasi yenyewe haitakuja. Chuo kimenipokea tena. Wameniambia wazi hakuna mara ya tatu. Jumatatu naripoti. Nikiondoka, nani atambeba huyu? Nani atamgeuza mama kitandani? Nani atateka maji? Ni mtu mwenye miguu miwili, Baba Mwanaidi. Ukienda shamba, hapa hapana mtu. Ukienda uwanjani, nitakuwa na mgonjwa mwingine."

Hongoa akacheka, kicheko kibaya. "Shemeji, chuo kinangoja. Alizeti haingoji. Njaa haingoji."

"Kilinisubiri mara moja, Hongoa. Nilipozitoa zile sare kwenye sanduku ulikuwapo?"

"Na nilipowaswaga maksai ulikuwapo?"

"Mimi si ndugu yenu," Gwau akasema, anatazama miguu yake. "Labda sina haki ya kusema ndani ya nyumba hii. Lakini mkae mkijua chakula kilichopikwa humu mwaka mzima kilitoka wapi."

Hapo ndipo neno lilipotoka ambalo halikupasa kutoka. Ziada alisimama, akamwambia Gwau kwamba hisani inayosimangwa ni heri isingetendwa. Gwau akamjibu kwamba yeye hajasimanga, ameomba. Hongoa akamgeukia kakake na kumwambia kwamba baba yao angekuwa hai angeona aibu kuona maksai wa ukoo wanazidiwa na mpira. Watu watatu ambao mwaka mzima walisaidiana, waliopokezana zamu kitandani kwa mgonjwa, sasa kila mmoja alimtazama mwenzake kama mwizi. Mama yake Njiku akawa anaita kutoka chumbani, "Kuna nini? Nani amekufa?" na hakuna aliyemjibu.

Njiku alikuwa kwenye kiti, mguu ameunyoosha. Alisema kwa sauti ndogo:

"Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama linauma."

Wakamgeukia wote watatu.

"Linauma," akasema. "Na hamjaniuliza mimi nataka nini. Nataka kucheza. Nawaambia kweli, Gwau aliposema Jumamosi, moyo wangu uliruka, nikauonea haya. Nataka nitoke uwanjani nikitembea, watu wakisimama, si nikibebwa kwenye machela. Lakini nikitaka hivyo namwibia mke wangu na mdogo wangu, na nitasema nimemlipa Gwau, kumbe nimejilipa mwenyewe." Akalipiga goti lile kofi, akakunja uso. "Nilidhani mmeniponya. Kumbe mmeniweka rehani sehemu tatu. Bora mngeniacha na magongo yangu."

Ziada akamtazama. Hakulia.

"Ungetuambia mapema," akasema. "Ningekuwa mkunga sasa."

Akaingia ndani kumgeuza mama mkwe. Hongoa akachukua kofia yake akaenda kulala kwa jirani, ingawa ndani ya nyumba ile kitanda chake kilikuwapo. Gwau alibaki mlangoni kidogo, kama mtu anayetaka kuomba radhi asijue aanzie wapi, kisha akasema, "Mwalimu anataka jibu kesho asubuhi, nahodha," akaondoka.

Ijumaa kulipokucha walirudi wote wawili. Hongoa alikuja na magunia matupu begani. Gwau alileta jezi ya nahodha imefuliwa na kupigwa pasi. Ziada alikuwa ameliburuta sanduku hadi sebuleni, akaliacha wazi, nusu limejaa. Hawakusalimiana zaidi ya ilivyolazimu. Njiku alitoka chumbani akiwa amevaa, ametembea mwenyewe bila kushika ukuta, akasimama katikati yao. Alifungua kinywa. Na mimi hapa nanyamaza, kwa sababu kila nilipolisimulia jambo hili watu wamegombana kabla sijafika alipojibu.

Kule kijijini Mtinko wanawake walisema aliyeosha kidonda ndiye mwenye mguu. Mzee mmoja akawauliza: bila maksai wangeosha kidonda gani? Vijana wakasema ndugu na mke hutoa kwa kuwa ni wajibu wao, bali Gwau alitoa bila kudaiwa na damu wala ndoa, kwa hiyo deni lake ni zito zaidi. Mwanamke mwingine akasema huo ndio ujinga wenyewe: yaani anayekupenda kwa wajibu alipwe mwisho? Alikuwapo mtu mmoja aliyesema goti ni la mwenye goti, acheze kama anataka, kisha akae na matokeo. Walimzomea. Lakini niliona wengine waliozomea wakitazama chini.

Basi nanyi niambieni. Watu watatu wamesimama, na goti limebakiwa na kazi moja. Lingekuwa mguuni mwako, ungelipeleka wapi: uwanjani, shambani, au ungebaki nalo nyumbani? Na wale wawili utakaowanyima, ungewatazama usoni uwaambie nini?