Jina la Mjukuu wa Mbonea

Hadithi hii haina sungura wala fisi. Aliyekuja kwa ajili yao na avumilie, maana ina watafiti watatu, na hao nao wana vituko vyao.

Walikuwa wanawake watatu, wanasaikolojia wa chuo kimoja, waliopanda milima ya Upareni kuchunguza kwa nini watu hupewa dawa ya presha na hawaimezi. Kokubanza alikuwa na kipaji cha kujua mtu anauwazaje ugonjwa wake. Tumpe alijua mazoea, jinsi mkono unavyotenda kabla akili haijaamka. Wande alijua watu wanavyovutana, kwamba nusu ya tunayoyafanya tunayafanya kwa sababu ya jirani.

Wakamkuta Mbonea, dereva mstaafu wa lori, aliyefika Lubumbashi na Kampala na kurudi na kitambi na maneno mengi. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia kwa upole kwamba kwa presha ile, asiahidi mambo ya mbali. Na bintiye Nakijwa alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza baada ya kungoja miaka tisa. Mbonea, ambaye hakuwahi kuogopa mteremko wowote, safari hii aliogopa. Akaapa mbele ya mkewe, Elineema: "Nikimpakata mjukuu huyu, atapewa jina la aliyenifikisha."

Kokubanza ndiye aliyeanza. Hakumuuliza anameza vidonge vingapi. Alimuuliza presha ni kitu gani.

"Ni kama oili, mwanangu," akasema Mbonea. "Taa ikiwaka, unaongeza. Kichwa kikiuma, nameza. Kisipouma, ya nini kuharibu dawa?"

"Na tairi likijazwa upepo kupita kiasi, baba, taa inawaka wapi?"

"Haiwaki. Linapasuka tu."

"Basi presha ndiyo hiyo."

Miaka thelathini na miwili barabarani, na leo anafundishwa tairi na binti asiyejua hata kubadili gia. Alicheka mpaka akakohoa, lakini tangu siku ile aliamini.

Ila kuamini si kukumbuka. Jumatatu alimeza, Jumanne akasahau, Jumatano akameza viwili kuiomba radhi Jumanne. Ndipo akaja Tumpe. Hakumhubiria. Alikaa naye asubuhi tatu, akitafuta jambo moja asilolikosa kamwe.

"Matangazo ya vifo redioni," akasema Elineema. "Huyu husahau hata kuvaa viatu, lakini vifo hasahau."

"Nasikiliza kama kuna ninayemfahamu," Mbonea akajitetea.

Tumpe akaviweka vidonge juu ya redio. "Wakianza kuwataja wa leo, baba, wewe meza. Tusije tukakusikia humo."

Hakukosa tena hata asubuhi moja, pale dawa ilipokuwapo. Lakini presha ilishuka kidogo, ikakwama, na vidonge vya mwezi vikawa vinakwisha tarehe kumi na tano.

Hapo akaingia Wande. Hakuhesabu vidonge. Aliketi barazani akinywa chai, akatazama nani anaingia na nani anatoka. Siku ya pili akaja Sekiete, shemeji yake Mbonea, kuomba chumvi. Akatoka na chumvi, na vidonge ndani ya karatasi.

"Naye ana presha," Mbonea akakiri. "Anaona haya kupanga foleni na akina mama kule zahanati. Sasa shemeji akiomba, utamnyima? Hapa kwetu hata moto hatunyimani."

Wande hakumkataza mtu. Alimnong'oneza Sekiete: "Shemeji yako anahitaji mwenzake siku ya kliniki." Akamnong'oneza Mbonea maneno yale yale kuhusu Sekiete. Wakaenda bega kwa bega, kila mmoja akijiona msamaria, wakarudi na kadi mbili. Kuanzia hapo kila mtu akameza chake, na presha ya Mbonea ikatulia.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mnene kama boga. Siku ya kumtoa nje watafiti wote watatu wakaalikwa. Mbonea akapewa mjukuu mikononi. Na katika ukoo ule, mtoto hubeba jina moja tu. Babu hulitamka mara moja, halafu ndipo watu huanza kula.

"Bila kuamini, baba," akasema Kokubanza, "vidonge vingekaa juu ya redio vikisikiliza vifo peke yao."

"Hata wanaotangazwa mle walikuwa na imani," akasema Tumpe. "Kilichokuponya ni kumeza kila siku."

"Kila siku mpaka tarehe kumi na tano," akasema Wande. "Nusu ya dawa ingekufikisha nusu ya mimba."

"Na mimi je, niliyemsindikiza?" akauliza Sekiete.

"Wewe kaa kimya," Elineema akamwambia huyo kaka yake. "Mtoto wa kike hawezi kuitwa Sekiete."

Watu wakaangua kicheko. Makande yalikuwa yanapoa. Nakijwa akamsogelea baba yake, akafunika miguu ya mtoto kwa kanga. "Baba, mwanangu anaitwa nani?"

Mbonea akawatazama wale watatu. Ondoa mmoja wao, na mikono yake ingekuwa mitupu. Nao wako watatu, na jina ni moja.

Haya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, pokea mtoto. Mshike shingo vizuri. Watu wana njaa na mama yake anangoja. Je, ungemwita Kokubanza, Tumpe au Wande?