Sinia la Sultani na Zamu ya Shibli

Alikuwako katika mji wa Mandhuri sultani aliyeitwa Zaharani, mwenye haki na mwenye hasira, na katika hazina yake mlikuwa na sinia la fedha ambalo likifunuliwa hujaa biriani bila moto wala mpishi, na sheria ya mji ilisema atakayeliiba atakatwa kichwa. Sultani huyo alikuwa na mwana barobaro, Ghanimu, na Ghanimu alikuwa na rafiki mmoja tu, Shibli, mwana wa mshona matandiko ya farasi wa jumba, na tangu utotoni walikuwa kama chanda na pete.

Shibli alipobalehe akaingia katika kikoa cha vijana wa mtaa wa Langoni, ambao walikula pamoja kwa zamu, leo huyu alete chakula na kesho yule. Lakini mkubwa wao, Jabiri, aliweka sharti: chakula cha zamu kisinunuliwe wala kisitoke nyumbani, kiibwe. Wakaanza na makomamanga ya jirani, wakaja kwenye kuku, wakafika kwa mbuzi wa mjane. Na huyu Shibli ndiye yule aliyekuwa akiona haya hata kuokota tende iliyodondoka uani kwa watu. Peke yake asingethubutu kuiba, ila mbele ya wenzake hakuthubutu kukataa.

Tuseme kweli, Ghanimu hakuudhiwa na wizi. Aliudhiwa na kicheko, kwa kuwa kila alipopita Langoni alimsikia Shibli akicheka kicheko ambacho zamani kilikuwa cha wao wawili, na wivu ukamtafuna hata akawa hali wala halali. Mwisho akaenda kuomba aingizwe kikoani, na Jabiri akamjibu kwa adabu zote kwamba mwana wa mfalme hana cha kuiba, kwani vyote ni vyake. Wenzake wakacheka, na Shibli akacheka nao.

Siku ileile Ghanimu akaisugua pete aliyoachiwa na bibi yake, na mbele yake akatokea jinni Kirdasi, mtumwa wa pete, akainama akasema, "Labeka, bwana wangu." Ghanimu akamwamuru alichukue sinia la baba yake na kulitia nyumbani kwa Jabiri, kikoa kinapokutana, ili askari walikute huko na Jabiri aondoke duniani.

"Sinia naweza kulihamisha," akasema jinni, "lakini moyo wa mtu siuhamishi. Fikiri, bwana wangu."

Mwenye wivu hana muda wa kufikiri. Kesho yake adhuhuri askari waliokuwa wakilitafuta sinia wakaingia nyumbani kwa Jabiri, wakawakuta vijana wamelizunguka sinia wanakula, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyelileta. Wakapelekwa barazani wamefungwa kamba, na Sultani akauliza mwizi ni nani. Ghanimu alikuwa amesimama kando ya kiti cha baba yake, akingoja kwa furaha kumwona Jabiri akitetemeka. Asilolijua, kwa kuwa hakuwa mmoja wao, ni kwamba kikoa kile kilikula kiapo: mwenye zamu ya chakula ndiye mwenye zamu ya lawama.

Shibli akapiga hatua mbele. "Zamu ni yangu, maulana."

Ghanimu akaisugua pete kwa siri hata kidole kikachubuka, na jinni akamnong'oneza kwamba neno la kukiri halifutwi na jinni yeyote, ila kwa kukiri kwingine. Mwenye upanga akaitwa. Hapo Ghanimu akaona jambo lililomuuma kuliko yote, kwamba Shibli alikuwa tayari kufa kwa ajili ya wale wenzake, na yeye Ghanimu hakutupiwa hata jicho. Na bado akapiga magoti.

"Si zamu yake, baba. Ni yangu. Sinia nililipeleka mimi, kwa wivu."

Sultani akamtazama mwenye upanga, kisha akamtazama mwanawe, kwa kuwa sheria ni sheria na mwana ni mwana. Ndipo Jabiri akainua kichwa.

"Maulana, mwana wa mfalme hana cha kuiba, vyote ni vyake. Nilimwambia mwenyewe kwa kejeli, sasa nasema kwa dhati. Mwizi ni mimi, wa mbuzi wa mjane."

Sultani akahukumu kwamba kikoa kisivunjwe, bali Ghanimu atiwe ndani yake, wamchungie mjane mifugo hadi deni la mbuzi liishe, kisha wawapikie maskini kwa zamu, kwa jasho lao. Pete ikavunjwa, na jinni akawa huru.

Miaka ikapita na Shibli akamwoa Mahasini, dada yake Ghanimu, akapewa mali na farasi. Karamuni bwana harusi alimketisha Jabiri kuliani kwake na Ghanimu kushotoni, na wivu ukamchoma Ghanimu tena, kidogo, lakini akakumbuka kwamba zamu ya kuosha masinia ni yake, akakunja mikono ya kanzu akaenda.

Hekaya yangu imefika ukingoni, na funzo lake nawaachia wazazi: kabla hujamuuliza mwanao amekula nini, muulize amekula na nani.