Mablanketi ya Siku Moja

Kwenye makao ya wazee kule Makete, ambako baridi haina adabu, meneja Luvanda aliazima mablanketi mapya kumi dukani kwa shemeji yake.

"Kesho mkaguzi anakuja kuona tunavyowatunza," aliwaambia wazee. "Mseme ni yenu. Akiondoka tu, yanarudi dukani."

Bi Tulalumba, aliyejifunza kusoma na kuandika mwaka huo huo kwenye darasa la watu wazima, ngumbaru, alikunja shuka lake chakavu. "Asipoamini je, mwanangu?"

"Fanya ufanyavyo, bibi, ila aamini."

"Basi niachie mimi."

Kesho yake mkaguzi alipapasa blanketi la kwanza. "Mbona mapya hivi? Kweli ni yenu?"

"Tazama mwenyewe pale pembeni, mama," alijibu Bi Tulalumba.

Mkaguzi akatazama, akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake. Akafanya hivyo hadi kitanda cha kumi. Luvanda alimsindikiza getini akipiga mluzi.

Aliporudi kuyakusanya, naye akatazama pembeni. Kila blanketi lilikuwa limeshonwa jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu, herufi kubwa zilizopinda kidogo.

"Bibi, umenimaliza. Shemeji nimwambie nini?"

"Mwambie atafute wateja wenye majina yetu," alisema Bi Tulalumba, akajifunika mpaka kidevuni.