Pimbi na Kiti cha Ng'ambo ya Mawingu

Hadithi inabisha hodi!
(Ipite, mlango u wazi!)
Imekuja na mzigo!
(Itue, tule sote!)

Basi alikuwapo Pimbi, mnyama asiyemzidi paka kwa ukubwa, akiishi na mama yake kwenye majabali ya kilimani. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi ya maji moto. Kila mwaka, vuli ikiisha, jua likiwa la utosini, chemchemi ile hulipuka fyuuu! mvuke ukatoboa mawingu.

Bibi Korongo, fundi asiye na mfano, akaunda chombo kwa kibuyu kikubwa kama kibanda, akakitega juu ya mdomo wa chemchemi. Akatangaza, "Naenda ng'ambo ya mawingu, nyota zinakokaa mchana. Nina kiti kimoja cha abiria. Nani anakitaka, na anakitakia nini?"

Simba alitaka kwenda kutawala. Mbuni alitaka kwenda kutazamwa. Pimbi akasema, "Mimi nataka kuuona mwezi mgongoni. Uso wake nimeshauzoea."

Bibi Korongo akacheka. "Kiti ni chako, mjukuu wangu."

Pimbi akaanza mazoezi. Alijitia ndani ya mtungi, akajiviringisha kutoka kilimani, bingiri-bingiri-bingiri, puu! Akatoka akipepesuka, akapanda tena.

"Mwanangu," mama akasema, "miguu hiyo haifiki hata tawi la mgunga, itafika mbinguni?"

"Mama, miguu itakaa kitini. Kitakachopanda ni chombo."

Siku moja akaja Kiboko, ti! ti! ti! Akajisukumiza ndani ya chombo, masikio yakisugua mlango. Akaenea, lakini kwa shida.

"Kiti ni changu," akanguruma. "Pimbi, ukikisogelea nitakukanyaga uwe mkeka."

Bibi Korongo hakuwa na nguvu za kumtoa. Akasema tu, "Atakayekutwa kitini chemchemi ikilipuka, huyo ndiye abiria."

Moyo wa Pimbi ukafanya pa! Lakini uso ukatabasamu. "Hongera, bwana mkubwa. Safari imepata mwenyewe."

Kiboko akavimba kichwa. "Pimbi, huko juu kuna majani?"

"Hakuna, bwana mkubwa."

"Kuna matikiti?"

"Hakuna, bwana mkubwa."

"Basi nifanyeje?"

"Kula ya huku, bwana mkubwa."

Kiboko akatoka, akala bonde la mtoni, nyafu-nyafu-nyafu. Kesho yake akauliza, "Kuna maboga?" "Hakuna, bwana mkubwa." Akala shamba zima la maboga, nyafu-nyafu-nyafu. Na Pimbi hakusema uongo hata kidogo.

Siku ya safari ikafika. Ardhi ikaanza kutokota, gububu, gububu. Kiboko akaja akihema. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likagoma.

"Pimbi! Nisukume!"

Pimbi akasukuma kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi.

"Bwana mkubwa, umekauka mno. Kajipake tope la mtoni. Utateleza kama kambare."

"Nishikie kiti!"

"Nitakishika, bwana mkubwa. Nitakishika sana!"

Kiboko akajichomoa, akakimbilia mtoni, ti! ti! ti! Pimbi akaruka ndani, akajifunga kamba kiunoni.

"Unaogopa?" Bibi Korongo akauliza.

"Naogopa mlango usipofungwa upesi."

Mlango ukafungwa. Fyuuuuu!

Kiboko akarudi aking'aa tope. "Pimbiii! Shuka!"

Sauti ikajibu kutoka juu, ikipungua, ikipungua: "Nimekishika, bwana mkubwaaa!"

Mama Pimbi alisimama jabalini, mkono usoni, akatazama hadi kile kibuyu kikawa punje, punje ikawa si kitu. Ndipo akageukia majirani. "Mwanangu huyo," akasema. "Amekwenda kutazama mwezi mgongoni."

Hadithi imetua mzigo, imejifuta jasho, imekwenda zake. Aliyeshiba alale, mwenye njaa aombe nyingine.

Na funzo lake, enyi watoto: mkubwa akiwaambia mmshikie kiti, mshikieni kwa uaminifu, wala msikiachie kamwe.